Avast ya bure (programu ya kuzuia virusi vya kompyuta) inafaa stesheneri?

Wakuu, nina stesheneri Ngamiani, Tanga. Flashi za wateja zinanitesa: jana folda za binti wa chuo zote ziligeuka shotikati, ripoti ya fildi haionekani. Avast ya bure inafaa? Ya nani hasa?

Jibu: Ilianzia Czechia, ila tangu 2022 iko chini ya Gen Digital ya Marekani (zamani NortonLifeLock). Mwaka 1988, Prague, Pavel Baudiš alikutana na kirusi Vienna, akaandika programu ya kukiondoa, akaanzisha kampuni na Eduard Kučera. Mwaka 2016 wakainunua AVG, kampuni nyingine ya antivirusi, kwa dola bilioni 1.3. Ila ya bure ni ya matumizi binafsi, na wewe ni biashara. Washa Defender, antivirusi inayokuja na Windows.

Jibu: Usifomati flashi! Mafaili yamefichwa tu. Skani, kisha andika hii kwenye Command Prompt (E ni herufi ya flashi, weka ya kwako): attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Muuliza: Zimerudi kurasa zote 42. Dada wa watu amelia kwa furaha. Asanteni sana.