Mrejesho: Fukusi wa gugumaji waliokuwa wakifa kwa joto, Kisumu

Hamjambo wenzangu. Wakati wa kiangazi niliuliza kwa nini fukusi, wale wadudu wadogo tunaowafuga ili waje kula gugumaji linaloelea ziwani, walikuwa wanakufa kwenye matangi yetu, mayai nayo hayaanguliwi. Asanteni sana kwa majibu.

Aliyesema tupime joto la maji saa nane mchana, Mungu ambariki. Matangi yalikuwa juani, kando ya ukuta wa mabati, na maji yalikuwa yanapita nyuzi 37. Fukusi hawa hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30 hivi. Tukaweka neti ya kivuli, tukaongeza kina cha maji. Sasa majani yamejaa vikovu vyao vidogo vidogo, na nikipasua kikonyo nakuta buu mweupe akichimba kuelekea chini. Nilifurahi mno!

Kufunika matangi kwa magunia yaliyoloweshwa hakukusaidia, yalikauka kabla ya saa sita.

Mwenzetu aliyepeleka fukusi wengine Naivasha hajafaulu sana. Kule ni juu, zaidi ya mita 1,800, na usiku kuna baridi. Wako hai lakini wanazaliana polepole, gugu linawashinda mbio. Kwa sasa anang'oa kwa mikono na kuwaachia sehemu yao.

Anayeanza kufuga asikate tamaa akikosa kuwaona mchana. Hujificha katikati ya mmea, majani yanapoanzia. Nenda usiku na tochi ndipo uhesabu.