Mjadala: Kipimo cha mimba kitakachodai kujua mtoto atampenda nani, kiruhusiwe?

Ndugu zangu, naomba tujadili hili kwa hoja, matusi tuyaweke kando. Ikiwa kipimo cha vinasaba kingedai kuonyesha kwamba mtoto aliye tumboni atakapokua atavutiwa na watu wa jinsia yake, wazazi wauziwe majibu hayo? Mimi nasema hapana. Nasema hivyo nikijua fika kwamba wengi wenu mnaupinga ushoga waziwazi, na sijaja hapa kuwabadilisha imani.

Tuanze na sayansi, maana hapo ndipo watu watakapoliwa hela zao. Mwaka 1993 mtafiti wa vinasaba Dean Hamer na wenzake huko Marekani walitangaza kwamba kati ya jozi 40 za ndugu wa kiume mashoga, jozi 33 zilikuwa na alama zinazofanana mwishoni mwa kromosomu ya X, moja ya nyuzi zinazobeba vinasaba vyetu. Magazeti yakaipamba habari hiyo kana kwamba jeni ya ushoga yenyewe imeshikwa mkononi. Mwaka 1997 James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, akaliambia gazeti moja la Uingereza kwamba jeni hiyo ikipatikana, mama asiyetaka mtoto wa namna hiyo aachwe aitoe mimba. Kipimo hakikuwapo, lakini hukumu ilikwisha kutolewa.

Utafiti mkubwa ulikuja 2019, wa watu zaidi ya 470,000, wengi wao kutoka Uingereza na Marekani. Ulipata maeneo matano tu ya vinasaba yenye uhusiano wa wazi na jambo hili, kila moja likiwa na mchango mdogo mno. Watafiti walisema wazi kwamba huwezi kutumia vinasaba kumtabiri mtu mmoja mmoja. Isitoshe, waliochunguzwa ni watu wenye asili ya Ulaya, na walichoulizwa ni kama wamewahi kulala na mtu wa jinsia yao, si wanavutiwa na nani.

Linganisheni na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Hiyo ni jeni moja inayojulikana: baba na mama wakiwa wabebaji, yaani wanayo jeni hiyo lakini wao si wagonjwa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Aliyewahi kukesha na mtoto wa miezi tisa, mikono na miguu imevimba, analia ukimgusa tu, anajua kwa nini mzazi atataka kupima mapema. Kipimo hicho nakiunga mkono kwa moyo wote. Kinahusu maumivu ya mtoto mwenyewe, na majibu yake yanamsaidia daktari kujiandaa.

Sasa mtu asiniambie kwamba kwa kuwa kipimo cha kweli cha ushoga hakipo, basi hakuna tatizo. Oktoba 2019, wiki chache tu baada ya utafiti ule, ilitokea programu kwenye mtandao wa GenePlaza: unalipa dola chache, unapandisha data za vinasaba vyako, unaambiwa kiwango chako cha ushoga. Mwenye programu alikuwa Mmarekani aliyeishi Kampala. Ndiyo, Kampala, katika nchi ambayo kosa hilo lilikuwa na kifungo cha maisha, na sheria ya 2023 ikaongeza hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Watafiti wenyewe walipiga kelele na programu ikaondolewa. Lakini fikirieni karatasi yenye asilimia ikiingia mikononi mwa baba mkwe mkali. Nani atamweleza kwamba ile namba haina maana?

Mchangiaji mmoja ameandika: "Kipimo kikithibitisha kwamba mtu huzaliwa hivyo, si kitawatetea?" Dada, tazama India. Msichana anazaliwa msichana, hakuna anayebisha. Lakini ultrasaundi ilipoenea, zahanati zilijitangaza kwa kuwaambia wazazi walipe rupia chache leo waepuke mahari kubwa kesho, maana kule anayebeba mzigo wa mahari ni upande wa binti. Mwaka 1961 walikuwapo watoto wa kike 976 kwa kila wa kiume 1,000 wenye umri chini ya miaka saba; kufikia 2011 walikuwa chini ya 920. Kuzaliwa hivyo hakukuwakinga.

Kaka mwingine anasema kwetu hofu hii haipo kwa sababu sheria inabana utoaji mimba. Kweli, Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 26, inasema uhai unaanza mimba inapotungwa. Lakini mimba zinatolewa vichochoroni kila siku, sote tunajua. Na hata mtoto akizaliwa salama, atalelewa na nani? Kila akicheza na wasichana, baba anaikumbuka karatasi. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi: mtoto wa miaka minne anashukiwa ndani ya nyumba yao, hajui kosa lake. Nanyi mnaosema ushoga ni dhambi, mnafundisha kwamba dhambi ni tendo. Kijusi kimetenda nini?

Kuna aliyenituhumu kwamba nawanyima wanawake uhuru wao. Hapana. Simtaki polisi mlangoni kwa mjamzito. Sheria ya India ya 1994 inamlenga kwanza mwenye mashine: daktari anayefichua jinsia ya mtoto aliye tumboni anaweza kufungwa hadi miaka mitatu kwa kosa la kwanza, zahanati lazima ibandike ukutani tangazo kwamba kutaja jinsia ya mtoto ni marufuku, na mahakama inachukulia kwamba mjamzito alilazimishwa na mume au ndugu hadi ithibitishwe vinginevyo. Haikumaliza tatizo, maana wapo madaktari wanaopitisha majibu kwa ishara. Bado naona njia hiyo ni ya haki kuliko kumkamata mama.

Panaponitatiza ni hapa. Damu ya mama, kuanzia kama wiki ya kumi, hubeba vipande vya DNA ya mtoto vya kutosha kupimwa, na chupa ndogo ya damu inapanda ndege hadi maabara ya nchi nyingine. Majibu yanarudi kwa barua pepe. Tukipiga marufuku hapa, muuzaji aliye nje tutamshika vipi? Walio kwenye maabara na wanasheria, naomba mtusaidie.