Sasisho la programu ya hesabu limeniharibia hundi, na wauzaji wananiambia nitupe mbili katika kila tatu

Ndugu zangu mlioko Marekani, na hasa ninyi mnaochapa hundi nyumbani kwa kompyuta: kabla hamjakubali sasisho jipya la programu yenu ya hesabu, chapeni kwanza ukurasa mmoja kwenye karatasi ya kawaida. Mimi sikufanya hivyo, na hundi yangu ya kodi ya nyumba imekataliwa benki.

Mwenye nyumba wangu hapa Columbus, Ohio, ni mzee ambaye hataki kusikia habari ya kulipwa kwa simu. Anataka hundi, nayo imfikie kwa posta kabla ya tarehe 5. (Najua walioko nyumbani watacheka, maana Kenya wanatumiana fedha kwa M-Pesa tangu 2007, na mimi niliyevuka bahari nahangaika na karatasi.)

Kwa asiyejua utaratibu, karatasi za hundi hununuliwa zikiwa tayari na jina langu, nambari ya hundi, na ule mstari wa chini wa wino wa sumaku, ambao ndani yake tarakimu tisa huitambulisha benki na nyingine huitambulisha akaunti. Ukurasa mmoja una hundi tatu. Kazi ya programu ni kujaza tarehe, jina la anayelipwa, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kisha kukiingiza kiasi hicho kwenye daftari la akaunti ili nisiandike mara mbili. Hiyo ndiyo huduma ninayoilipia kila mwaka, kwa kuwa siku hizi programu hii huinunui ikawa yako, bali unaikodi.

Kwa miaka sita haikunisumbua. Baada ya sasisho, maandishi ya hundi ya juu yameshuka yakalalia mistari, ya hundi ya chini yamepanda, na hundi ya katikati peke yake ndiyo imetoka karibu sawa. Ukitazama kwa makini utaona ugonjwa ulipo: ukurasa mzima unapunguzwa kidogo na kuvutiwa katikati, kana kwamba ni barua inayobanwa ili ienee ndani ya pambizo. Nimepima kwa rula, tofauti ni kama milimita tatu. Toleo la zamani lilikuwa na mahali pa kuchagua ukubwa halisi. Sasa pameondolewa, pakabaki pa kusogeza maandishi yote kwa pamoja, juu au chini, kiasi kwamba ukiiokoa hundi ya kwanza umeiangamiza ya tatu.

Nimezungumza na huduma kwa wateja mara tatu. Wa kwanza alisema printa yangu ni mbovu, ingawa programu nyingine zinachapa kwa printa hiyohiyo bila kukosea hata nywele. Wa pili alisema kosa ni la karatasi, kwa kuwa sikuinunua kwao, ambako bei inakaribia maradufu. Nilipomuuliza ilikuwaje karatasi za boksi hilohilo zikafaa mwezi uliopita, akaniwekea muziki. Wa tatu, kwa upole kabisa, alinishauri nitumie hundi ya katikati tu. Yaani nilipie hundi tatu, nitupe mbili, na nimshukuru.

Atakayesema milimita tatu si kitu, aelewe kwamba hundi ya Marekani siku hizi kwa kawaida haisafiri yenyewe. Tangu sheria iliyoanza kutumika Oktoba 28, 2004, nakala iliyotolewa kwenye picha ya hundi inakubalika badala ya karatasi yenyewe, kwa hiyo kisichosomeka kwenye picha ni kana kwamba hakikuandikwa. Mzee aliiingiza hundi yangu kwenye mashine ya benki. Tarakimu zilikuwa zimegusa ukingo wa kisanduku, na kiasi cha maneno, ambacho kisheria ndicho kinachofuatwa pale maneno na tarakimu zinapopingana, kilikuwa kimekatwa na mstari katikati. Ikakataliwa. Nimelipa faini ya kuchelewesha kodi, dola 50, kwa kosa ambalo si langu.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ni baya zaidi. Zamani, baada ya kuchapa, programu iliuliza kama hundi zote zimetoka vizuri, na ukisema moja imeharibika iliirudisha kwenye foleni. Sasa haiulizi, inahesabu zote kuwa zimetumika. Daftari langu linaonyesha malipo ya hundi nilizokwisha kuzichanachana, nami nimekesha usiku mzima nikizibatilisha moja baada ya nyingine ili salio lilingane na la benki. Kama programu ya hesabu haijui kilicholipwa na kisicholipwa, sijui inahesabu nini.

Ninachotaka warudishe ni uchaguzi wa ukubwa halisi na lile swali baada ya kuchapa. Kama yupo mwenye toleo hili ambaye hundi zake zinatoka sawa, naomba anieleze mpangilio anaoutumia, na aseme kama printa yake ni ya leza. Kodi ya mwezi ujao nimekwisha kuiandika kwa mkono, kwa kalamu ya jeli, maana wino wa kalamu ya kawaida wezi wa posta wanajua kuuosha. Kwenye programu hii nimebakiwa na miezi minane niliyokwisha kuilipia, na fedha yake wauzaji wamekataa kunirudishia.