UZI WA HASIRA: Kafungia sambusa CV yangu mbele ya ukumbi mzima, halafu ananiambia sijui kujiuza

Mgavi Mtarajiwa (mleta mada)

Wakuu, leo sina hata salamu. Nimetoka ukumbini sasa hivi, niko ndani ya kifodi cha Kwa Mrombo, nimebanwa kati ya mama mwenye tenga la kuku na konda aliyekalia goti langu, naandika hivyo hivyo. Herufi zikikosewa mtazisoma kwa huruma, hasira imeshafika kwenye vidole.

Mnamjua. Jina silitaji maana sina hela ya wakili. Hela ya wakili niliyokuwa nayo ilishaishia kwenye kugonga mihuri vyeti. Ni yule wa viatu vya moka nyeupe. Yule ambaye semina yoyote ya ajira hapa Chuga, Arusha yetu, lazima awe juu ya jukwaa, hata ukifungua banda la mkaa Ngarenaro nadhani atakuja kutoa mada. Yule wa "mimi nilianza na kuku watano". Haya, mnamjua.

Tulitangaziwa wiki nzima: maandalizi ya soko la ajira kwa wanaomaliza chuo, njoo na CV yako, waajiri watakuwepo, mtaalamu ataipitia mbele yako. Kiingilio elfu kumi. Cheti cha ushiriki, elfu tano pembeni. Mimi mwaka wa tatu, ununuzi na ugavi, bumu la Bodi ya Mikopo liliisha nimeshasahau hata rangi yake, hiyo elfu kumi nimeikata kwenye hela ya kula. Suti nimeazima kwa rumeti, suruali inaishia juu ya vifundo kama naenda kupandikiza mpunga Chekereni. Sikujali. Nilisema leo ni leo.

Na CV nilikuwa nimeifanyia kazi, siyo ile ya kunakili kwa mtu ukabadilisha jina. Kurasa mbili. Shule ya msingi nimeitoa. "Napenda kusikiliza muziki na kutazama mpira" nimeitoa. Nimeweka fildi yangu, yale mafunzo ya vitendo, ya bohari: kupokea mzigo, kulinganisha na hati, kujaza leja, kuhesabu mali mwisho wa mwezi. Wadhamini watatu, wote nimewaomba ruhusa kwanza, wote simu zinapatikana. Nikachapa kwenye karatasi nzito, ile ambayo wa steshenari anakuuliza mara mbili kama kweli unaitaka.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama mbele ya meza, CV ipo mbele yake. Ananiambia kwa maiki, "Kijana, dakika moja, jitambulishe kwa mwajiri." Nikaanza. Jina, fani, fildi. Dada wa vitafunwa akapita na sinia. Jamaa akachukua sambusa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, karatasi ya kushikia hakuna.

WAKUU.

Akachomoa ukurasa wa kwanza wa CV yangu, akaukunja kwa ustadi kabisa, akafungia sambusa. Naongea. Anatafuna. Naongea! Nimefika kwenye "nina uwezo mkubwa wa kutunza kumbukumbu", na kumbukumbu zenyewe zinaloa mafuta mbele ya macho yangu. Sambusa ya nyama, siyo hata ya viazi. Mafuta yameanzia kwenye picha yangu, yakateremka kwenye namba ya simu, yakapiga kambi kwenye elimu ya sekondari.

Alipomaliza akafuta midomo. Na nini? Na kidato cha sita changu. Halafu akashika maiki tena: "Kijana, tatizo lako hujui kujiuza." Ukumbi mzima chini kwa kicheko. Ungesoma ungejua kama najua kujiuza! Umeifanya sahani, utajuaje?

Kabla ya hapo alikuwa ameshamaliza saa mbili akihubiri kuku, parachichi na "usitafute kazi, tengeneza kazi". Waajiri walioahidiwa sikuwaona, labda walikuwa chini ya meza. Hayo yote nimesamehe. Elfu kumi nimesamehe. Sambusa sisamehi. Mtu anakutazama usoni, unamwambia ndoto zako, anakunja ndoto zako anafungia SAMBUSA.

Wanasheria wa humu, karatasi ya mtu ikishapata mafuta bado ni mali yake?

---

Nimewahi Siti
Siti ya mbele kabisa hapa. Swali dogo mleta mada, ilikuwa na pilipili?

Mgavi Mtarajiwa
Mkuu mimi nimedhalilishwa wewe unauliza pilipili?

Nimewahi Siti
Nauliza kwa sababu kama ilikuwa na pilipili kufuta midomo alikuwa na haki.

Mangi Mstaafu
Pole sana mdogo wangu. Ila na wewe, elfu kumi kwenda kumsikiliza mtu wa kuku? Aisee. Nafasi za serikali zipo kwenye Ajira Portal, kujisajili ni bure, unahitaji namba ya NIDA, vyeti na utulivu. Tangazo lenyewe ukilisoma limeshakufundisha kila kitu: uwe raia, umri usizidi miaka 45, CV inayojitosheleza, wadhamini watatu, barua uliyoisaini. Na wameandika wazi kuwa hati za matokeo peke yake hazipokelewi, wanataka cheti. Bado watu wanapandisha hati za matokeo, wakienguliwa wanasema wamelogwa na shangazi. Hakuna mahali tangazo limesema vaa moka nyeupe.

Chalii wa Unga Ltd
Mimi nilikuwepo, safu ya nyuma karibu na spika. Mleta mada mbona hujamalizia? Wambie wadau ulirudi mezani kuidai ile karatasi, ukamwambia "naomba CV yangu mzee", akakupa na kipande cha sambusa ndani.

Mgavi Mtarajiwa
Niliichukua kama USHAHIDI. Na kile kipande sikula. Ninayo hapa, nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni isilowanishe vyeti.

Nyuki Hana Rafiki
Mfuko wa nailoni ulipigwa marufuku tangu Juni 2019. Uliyekuja kushtaki sasa wewe ndiye mtuhumiwa. Wadau, nani ana namba ya NEMC, wale watu wa mazingira?

Dada wa Sanawari
Hahahaaa jamani nyie. Ila kaka shukuru, yako imefungia sambusa mara moja tu. Mimi fildi yangu yote ilikuwa sambusa. Nilipangiwa ofisi moja huko Moshi, nimevaa nimependeza, daftari jipya, kalamu tatu. Siku ya kwanza nikapewa chupa ya chai. Hadi namaliza sijagusa faili. Kwenye kitabu cha fildi nikaandika "nimejifunza mahitaji ya idara mbalimbali", maana yake najua nani anakunywa bila sukari, nani anakula chapati mbili, na nani anakopa. Msimamizi wa chuo alikuja, akanywa chai yangu, akanipa alama nzuri, akaondoka.

Mzee wa Mtori
Ofisi za Moshi msizitaje ovyo. Huku mji msafi, watu wastaarabu, chai yenyewe ya maziwa. Hayo mambo ya kufungia vyakula kwenye vyeti vya watoto ni ya huko kwenu Arusha, vumbi limewaingia kichwani.

Chalii wa Unga Ltd
Moshi mna usafi gani meku, saa mbili usiku mji mzima umeshalala, uchafu utatoka wapi?

Mgavi Mtarajiwa
Wakuu turudi kwenye mada. Alinitazama USONI wakati anakunja.

Dereva wa Kreta
Nyie watu wa suti mnanichekesha. Mimi naendesha wageni. Juni mpaka Oktoba kampuni inanipigia simu hadi usiku wa manane, "kaka tuokoe, kuna wageni wanne wa Serengeti". Aprili mvua ikianza, simu yangu inakuwa saa ya ukutani. Nikasema nijiendeleze, nikajikamua nikasoma Kijerumani. Nimemaliza tu, naambiwa sasa wanataka Kihispania. Halafu wanatuletea mtarajali kutoka chuo, anajua historia yote ya bonde la Olduvai, tairi ikipasuka anaizunguka anaiombea. CV yake kurasa sita!

Dada wa Sanawari
Kurasa sita si mbaya, sambusa ngapi hizo.

Mpiga Mahesabu
Wacheni niwape hesabu mlie vizuri. TRA, watu wa kodi, mwaka 2025 walitangaza nafasi 1,596. Walioomba, zaidi ya 135,000. Gawanyeni wenyewe, ni watu zaidi ya 80 kwenye kiti kimoja. Sasa wewe unagombana na sambusa.

Mgavi Mtarajiwa
Hao 135,000 hakuna hata mmoja aliyefungiwa sambusa kwenye CV yake.

Mpiga Mahesabu
Una takwimu?

Kipara cha Njiro
Na ukishapata hicho kiti, Bodi ya Mikopo wanakusubiri mlangoni na asilimia 15 yao ya mshahara wa msingi. Mimi wakati natafuta kazi nilikuwa na njaa, sasa nina kazi na njaa.

Mangi Mstaafu
Mwache apate kwanza ndipo umtishe na makato.

Bohari Kuu
Mleta mada, mimi ni mtu wa fani yako, nikwambie kitu cha maana kabla uzi haujaharibika. Kwenye ugavi mwajiri makini hatazami karatasi nzito, anauliza umesajiliwa PSPTB, ile bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, au bado, na mitihani ya bodi umefika hatua gani. Anza sasa ukiwa chuo, usisubiri joho. Pili, TaESA, ule wakala wa serikali wa huduma za ajira, jiandikishe kama mtafuta kazi, wana programu za utarajali kwa wahitimu. Tatu, ile fildi yako ya bohari ni dhahabu, mpigie aliyekusimamia, msalimie hata kama huna shida. Wengi tunaanza kumtafuta mdhamini siku tangazo linafungwa, tunakuta keshahamia Katavi na laini amebadilisha.

Mgavi Mtarajiwa
Asante sana kaka, nimeandika yote. Ila nikuulize, wewe ungekuwa mwajiri, ungefungia sambusa?

Bohari Kuu
Nimeondoka.

Nyuki Hana Rafiki
Hahahahaha kaka wa watu kajitahidi.

Koneksheni Tupu
Mnapoteza muda na PSPTB sijui TaESA. Nchi hii ni nani unamjua. Kwisha.

Mangi Mstaafu
Wewe unajua watu wote hao na bado upo humu saa tano asubuhi siku ya kazi?

Koneksheni Tupu
Niko likizo.

Dada wa Sanawari
Likizo ya nini?

Mama Vitenge Kilombero
Samahanini wanangu, mimi ni mzazi. Mwanangu naye yuko chuo, kila siku ananiambia "mama tuma hela ya kuskani". Hivi kuskani ni kitu gani kisichoisha? Mwezi uliopita kuskani, huu kuskani, nimeuza vitenge vyote vinaingia kwenye kuskani.

Kipara cha Njiro
Shikamoo mama. Huyo dogo anaskani bia.

Nimewahi Siti
Mama usimsikilize huyo. Ila kweli wa steshenari ni majambazi waliojificha. Siku ya kawaida bei ya kawaida. Tangazo la kazi likitoka tu, bei inapanda kabla hata hujalisoma. Na PDF yenyewe anakutolea imepinda, jina lako limekatwa nusu, ukilalamika anakwambia mtandao.

Dereva wa Kreta
Kuna mmoja karibu na stendi ndogo alituma leseni yangu kwa mteja mwingine kabisa. Mpaka leo kuna mtu Tengeru ana leseni yangu kwenye simu.

Fundi Printa
Wadau, suluhisho lipo. Nina printa inauzwa, inachapa na kuskani, ipo maeneo ya Kilombero, haina tatizo kabisa, wino mweusi tu ndio umekauka.

Dada wa Sanawari
Sasa ikichapa bila mweusi tutaandika barua za maombi kwa rangi ya waridi?

Nimewahi Siti
Bei?

Fundi Printa
Njoo inboksi.

Nimewahi Siti
Weka bei hapa hapa.

Fundi Printa
Mkuu njoo inboksi tutaelewana.

Mzee wa Mtori
Hiki ndicho kinachonikera kwa wafanyabiashara wa Arusha! Unauza kitu hadharani, bei unanong'ona. Juzi nimefuata jiko la gesi kwa mmoja wenu, inboksi bei hii, nimefika na nauli yangu kutoka Moshi bei nyingine, tena anasema nimechelewa kwa hiyo imepanda.

Kipara cha Njiro
Ulilichukua?

Mzee wa Mtori
Nililichukua, ningefanyaje, nilikuwa nimeshakuja na gari la kukodi. Nafungua uzi wake jioni hii, na huyo muuzaji mnamjua.