Rangi inabanduka kwenye ngozi yenye nta, nifanyeje?

pochi_za_arusha:
Wakuu habari zenu. Natengeneza pochi, mikanda na vifuko vya simu vya ngozi hapa Arusha, wateja wengi ni watalii na siku hizi wanataka kitu kina mchoro, twiga, mbuyu, hata zile korosho za kwenye kanga. Shida ni kwamba ngozi ninayonunua inakuja imeshashindiliwa mafuta na nta isipitishe maji, nikichora na rangi za akriliki za kawaida za dukani mchoro unatokea vizuri kabisa ila ukishakunja pochi mara kadhaa rangi inapasuka pale kwenye mkunjo halafu inaanza kubanduka. Kuacha nta nako sitaki, masika ya huku mnaijua. Kuna namna ya kuchora juu yake?

fundi mkanda:
Rangi kwanza, kinga baadaye, hakuna njia nyingine ya uhakika. Kinachozuia maji kuingia ndo hichohicho kinazuia rangi kushika, maana akriliki nayo ni ya maji. Kabla hujachora dondoshea tone moja la maji, likisimama juu kama shanga usipoteze rangi yako, likinywewa na ngozi ikaweka doa jeusi hapo endelea. Na hizo akriliki za karatasi achana nazo mzee, zikikauka zinakuwa ngumu, tafuta zilizotengenezwa kwa ajili ya ngozi kama Angelus, zile zinajikunja pamoja na ngozi.

Mama Wawili:
Nakubaliana na fundi ila mwenzetu ana mzigo tayari, asiutupe. Kama kinga iko juujuu tu, chukua asitoni na pamba, futa sehemu ya mchoro tu, badilisha pamba kila ikichafuka, endelea mpaka ule mng'ao uishe na ngozi iwe kavu ukiigusa. Dawa ya kutolea rangi ya kucha usitumie, nyingi zinatiwa mafuta ya kulainisha kucha kwahiyo unatoa mafuta unaweka mafuta. Fanyia nje au dirishani, mbali na jiko, asitoni inashika moto haraka sana jamani. Halafu rangi pakaa nyembamba mno, mkono wa kwanza ngozi bado ionekane chini, subiri ikauke ndo uongeze wa pili na wa tatu. Watu wanapaka mkono mmoja mzito ili wamalize haraka, na huo mzito ndo unaopasuka.

ngozi_na_uzi:
Samahani Mama Wawili, kwa ngozi aliyoisema asitoni haitamsaidia sana. Kama imeshindiliwa nta mpaka ndani, ile ukiikunja inageuka rangi na kuwa nyepesi pale kwenye mkunjo, unaweza kufuta juu ikakauka vizuri lakini pochi ikikaa juani nta inapanda tena kutoka chini na kuisukuma rangi. Mimi ngozi ya aina hiyo sichori kabisa. Nakata kiraka cha ngozi ya magome, ile ya kahawia iliyotengenezwa kwa magome ya miti na isiyopakwa nta wala mafuta, nachora twiga wangu hapo, nikimaliza nakishona kwenye uso wa pochi mbali na mkunjo. Mwili wa pochi unabaki na nta yake na mchoro una ngozi yake inayoshika rangi. Ukienda kununua angalia ukingo uliokatwa, ukiona katikati kuna ubluu au kijivu hiyo ni ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa kemikali, ya magome ni kahawia mpaka ndani.

pochi_za_arusha:
Hiyo ya kiraka imenifungua macho, ahsante sana. Sasa kiraka chenyewe nakikinga na nini, naweza kupaka nta ya nyuki na kuiyeyusha kwa drayer kama ninavyofanya kwenye mikanda?

fundi mkanda:
Juu ya mchoro hapana. Utailainisha rangi na ukisugua kitambaa inaondoka na nta. Acha mchoro ukauke siku kadhaa, pakaa finisha ya akriliki, ile ya wazi ya kufunika mchoro, mikono miwili myembamba, ukitaka zaidi pulizia spreya ya kuzuia maji kwa mbali. Na kingo za kiraka usizisahau, maji yanaanzia pale kwenye mashimo ya uzi, hapo ndo pakaa nta yako kwa kidole bila moto.

ngozi_na_uzi:
Na zipake kabla hujashona, ukishashona kidole hakifiki.