Nimejitolea kwenye triathloni ya masafa marefu Kisumu: nichague zamu gani?

Nyar_Ahero
Wadau, hamjambo. Kuna triathloni inakuja hapa Kisumu na wanatafuta watu wa kujitolea. Ni ile ndefu kamili: kuogelea kilomita 3.8 ziwani, baiskeli kilomita 180, halafu mtu anashuka hapo na kukimbia marathoni nzima. Nimejiandikisha, wakaniambia nichague zamu moja: alfajiri ufuoni kupokea waogeleaji, mchana kwenye makutano baiskeli zikipita, ama jioni hadi usiku kituo cha maji cha wakimbiaji. Malipo hakuna, ni fulana, chakula na cheti. Nasomea diploma ya lishe, kwa hivyo hicho cheti nakitaka. Mashindano haya sijawahi kuyaona hata kwa runinga. Nichague gani? Mama ameshasema usiku hapana.

Jaboda_Kondele
Fulana na cheti! Washiriki wanalipishwa pesa nzuri, nyinyi mnachomwa na jua bure. Uliza nauli kwanza. Kama hakuna, kaa nyumbani usome.

Fundi_Spoku
Kwa nauli Jaboda hajakosea, uliza. Lakini dadangu, makutano waachie wengine kama ni mara yako ya kwanza. Kusimamisha magari ni kazi ya askari wa trafiki, wewe utapewa bendera na filimbi tu. Hata askari akiwepo, shida yako haitakuwa magari. Itakuwa mzee wa mkokoteni, mbuzi, na mtoto anayetaka kuvuka kwa sababu baiskeli haina mlio. Mtu anayekuja kwa kilomita 40 kwa saa amelala juu ya usukani haoni mbali, na hawezi kusimama ghafla.

Chukua kituo cha maji. Watu hudhani ni kumwaga maji kwa vikombe basi. Kikombe kijaze nusu, kikijaa kinammwagikia. Kishike kwa juu, kwenye ukingo, mkono umenyooka, na utaje ulichobeba kwa sauti kubwa: "Maji! Soda! Barafu!" Asijekuta soda alipotaka maji ya kujimwagia kichwani. Akifika karibu, tembea naye hatua kadhaa upande anaoelekea, usimsubiri kama mlingoti. Soda ya kola ifunguliwe mapema ikorogwe kwenye sufuria hadi gesi iishe, maana gesi ndani ya tumbo la mtu aliyekwisha kupiga pedali kilomita 180 ni balaa. Mbebe pia magunia ya kutilia vikombe vilivyotupwa, msitegemee plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 2017, na baada ya pipa la mwisho la kituo mkimbiaji akitupa kikombe anaweza kuadhibiwa.

Mvuvi_wa_Dunga
Naongeza kuhusu ziwa, kama utabadilisha mawazo uchague alfajiri. Wanaanza mapema kwa sababu asubuhi upepo hutoka nchi kavu na maji yametulia. Mchana unageuka, unatoka ziwani, na mawimbi yanaanza. Gugumaji nalo hufuata upepo: unalala ufuo ukiwa safi, unaamka limejaa hadi mitumbwi haitoki. Kwa hivyo msishangae maboya yakihamishwa dakika ya mwisho.

Usipite kando ya mafunjo gizani. Kiboko hutoka usiku kula nyasi, na alfajiri ndiyo saa yake ya kurudi majini. Ukisimama kati yake na ziwa umejitafutia. Waogeleaji wanalindwa na mashua, na mtu akichoka anaruhusiwa kushika mtumbwi apumzike, mradi usimvute mbele.

Sista_Zamu
Na kichocho, mzee wangu umekisahau. Wanaosimama kwenye maji ya ufuoni kushika mikono ya watu wavae gambuti. Ukilowa, usikimbilie kupimwa kesho yake, hakitaonekana. Subiri wiki sita hadi nane ndipo uende kituo cha afya, kwa sababu dawa yake, praziquantel, huua minyoo waliokomaa, wachanga hawaisikii vizuri.

Sasa Nyar Ahero, wewe wa lishe, sikiliza hili la kituo cha maji. Jioni utaona mtu anayumba, unampa maji, anatapika, unampa mengine. Acha! Mtu aliyetoka jasho mchana kutwa akinywa maji matupu kupita kiasi, chumvi katika damu inashuka. Kichwa kinamuuma, vidole vimevimba, anaongea visivyoeleweka. Kwa macho huwezi kutofautisha hiyo na joto kali. Mketishe kivulini, soma namba yake ya kifuani, ita wahudumu wa afya. Usimwache peke yake hata dakika moja.

Nyar_Ahero
Asante sana, Sista. Swali: mtu akianguka mita chache kabla ya mwisho, namwinua nimpeleke?

Fundi_Spoku
Usimwinue, mwitie daktari. Ukimbeba kuvuka mstari, utakuwa umemwondoa mashindanoni. Mwaka 1982 kule Hawaii, kwenye triathloni ndefu kama hii, Julie Moss aliishiwa nguvu akiwa anaongoza wanawake, akapitwa karibu kabisa na mwisho, akatambaa mwenyewe hadi mstarini akawa wa pili.

Halafu kuhusu usiku. Mara nyingi kikomo ni muda wa saa 17. Wakianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wa mwisho ana hadi saa tano na nusu usiku. Waliobobea humaliza kwa muda wa takriban saa nane, hao watakuwa wamemaliza kabla hujaanza zamu. Wa saa nne usiku ndio watakaokushukuru kwa jina, kama umeandika jina lako kifuani. Vituo vingi hubaki bila watu saa hizo kwa sababu wote wanataka zamu ya mapema.

Nyar_Ahero
Basi nachukua maji. Nimeongea na Mama, amekubali mradi nilale kwa shangazi Nyalenda nisirudi Ahero usiku. Nitaandikia waandalizi leo kuhusu nauli na kama kuna gari la kutupeleka tukimaliza.

Jaboda_Kondele
Ukiwaandikia, waulize nani anabebea vituo barafu. Hiyo kazi naitaka. Lakini kwa pesa.