Nipige picha gani nyumbani na mtaani?

Mkazi wa Umoja: Ndugu zangu, simu yangu ina kamera nzuri, lakini sina nauli ya kwenda mbugani, je, katika nyumba ya chumba kimoja na njia ya kwenda kazini, mtu hupata nini cha kupiga picha?

Fundi wa Ngara: Anzia jikoni. Mwaka 1930, mpiga picha Mmarekani Edward Weston aliiweka pilipili hoho ndani ya faneli ya bati, akafuata jinsi mwanga ulivyotambaa juu ya mikunjo yake, na picha hiyo ingali inasifiwa. Weka hoho au birika kando ya dirisha, zima taa, kisha uzungushe kitu chenyewe badala ya kuhangaika na kamera.

Mama Toi: Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hukaa utosini na kuyatia macho ya watu vivuli vyeusi. Toka jua linapochomoza, kwenye saa kumi na mbili na nusu, wakati mvuke wa chai ya kibandani huonekana vyema ukimulikwa kutoka nyuma. Mwenye kibanda umwombe ruhusa kwanza, tafadhali.

Mkazi wa Umoja: Ahsante, mama. Birika ninalo, ila dirisha langu linatazamana na ukuta wa jirani.

Fundi wa Ngara: Ukuta huo ukiwa mweupe, una bahati: utakurudishia mwanga laini kuliko wa jua lenyewe.